Tangazo la Ngamia wa Raho

Jumatano, 1 Oktoba

Hinda amefika leo kutoka Nairobi akiwa na begi moja la nguo na jingine la nyaya. Ni binti wa dada yangu Fatumo, ana miaka ishirini na mitatu, na amemaliza chuo bila kupata kazi. Huniita abti, yaani mjomba, nami kwa desturi yetu humwita abti vilevile. Kisomali chake kinatosha kuombea maji na kusalimia wazee, kwa hiyo tunazungumza Kiswahili: changu, nilichokifundisha kwa miaka thelathini na minne katika shule za Garissa, na chake cha Eastleigh, ambacho sijui alifundishwa na nani.

Atakaa hadi mvua za deyr, yaani za vuli, ziishe. Kwa sasa hakuna hata wingu. Nimefungua daftari jipya kwa ajili ya msimu huu na nitaandika kila kitu, kama nilivyowaagiza wanafunzi wangu siku zote.

Ijumaa, 3 Oktoba

Baada ya swala ya Ijumaa Hinda alifungua kipakatalishi chake mezani na kunionyesha kazi aliyokuja nayo. Anaunda programu ya simu ya kutafutia mifugo iliyopotea. Nikamuuliza ni lini alijifunza kuandika lugha ya kompyuta.

"Siandiki kitu, Abti. Hapa unavuta tu."

Ni kweli. Yumo katika tovuti ambayo mtu huvuta visanduku na kuvipanga kwenye umbo la simu: kisanduku cha picha, kisanduku cha jina, kitufe cha kutuma. Tovuti yenyewe huviunganisha kwa ndani, bila yeye kuandika hata alama moja. Nilikaa nikiwa tayari kudharau, na adhana ya alasiri ikanikuta bado nimekaa.

Programu ameiita Baadi. Ndilo neno letu la Kisomali la mnyama aliyepotea akaonekana kwa watu wasiomjua. Jina nimelikubali.

Jumatatu, 6 Oktoba

Programu itasema lugha tatu: Kisomali, Kiswahili na Kiingereza. Kuna jedwali lenye safu tatu, na kila neno linaloonekana kwenye simu lina mstari wake humo. Hinda alibonyeza mahali pamoja na safu ya Kiswahili ikajaa yenyewe kutoka juu hadi chini.

"Umeona? Imejipa."

Nikavaa miwani. Kitufe cha kuhifadhi kimeandikwa "Okoa". Mnyama aliyepotea ameitwa "mnyama mkosaji". Nikamwambia afute safu nzima.

"Yote, Abti? Hizo ni mistari mia mbili na kitu."

"Mia mbili na ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kumi na minne. Nipe kalamu."

Jumanne, 7 Oktoba

Mistari thelathini na mmoja. Joto.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mistari arobaini. Hinda anasema kitufe hakiwezi kubeba "Bonyeza hapa ili utume taarifa yako". Nimekubali "Tuma". Sikufurahi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Fomu ya Hinda ilikuwa na maswali sita: aina ya mnyama, jinsia, rangi, umri, mahali alipopotelea, nambari ya simu. Nikamwambia fomu hiyo ni ya mtu mvivu. Ngamia weupe ni wengi kama mawe. Nimeongeza maswali matano: chapa ya ukoo, mkato wa sikio, nundu, makovu, na alama nyingine yoyote. Hinda alivuta visanduku vitano akavipanga chini ya vile sita.

"Sasa iko full, Abti?"

"Sasa imekamilika."

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza, na radi nzito upande wa kaskazini. Hinda alitoka uani akasimama humo hadi hijabu ikamgandama kichwani. Nilimwita aingie ndani. Mara ya tatu sikumwita.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo Raho hakuleta maziwa. Alikuja yeye mwenyewe, mikono mitupu.

Raho ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ni mjane, na huuza maziwa ya ngamia sokoni. Tangu marehemu mke wangu alipougua, yapata miaka sita sasa, kikombe kimoja cha maziwa yale huvuka ukuta kila asubuhi, na tangu mazishi hakijakoma. Nimewahi kumwambia asijisumbue. Alinijibu kwamba kikombe hakina miguu lakini kinajua njia.

Ngamia wake wanachungwa na Shirwa, mwana wa shemeji yake, upande wa Habaswein, na maziwa hushuka hadi Garissa kwa gari la usiku. Shirwa alipiga simu alfajiri. Radi ya Jumanne ilitawanya kundi zima. Wamepatikana wote isipokuwa Barwaqo, ngamia jike mweupe anayenyonyesha. Ndama wake yupo zizini analia, wanamnyonyesha kwa ngamia mwingine.

"Maziwa yangu karibu yote ni ya Barwaqo," Raho alisema. "Wale wengine wawili wanaokamuliwa wanatosha chai ya Shirwa. Nikimkosa, nitafunga nyumba niende Bute kwa kaka yangu, nikae kwake kama mgeni asiyeondoka."

Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida, akinyoosha ukingo wa mkeka kwa kidole cha mguu.

Hinda, ambaye humwita eeddo, yaani shangazi, akavuta kiti. "Eeddo Raho, tunamweka kwa Baadi sasa hivi. Wewe ndio wa kwanza."

Mimi niliuliza kwa Kisomali na Hinda akaandika. Rangi: mweupe. Umri: miaka tisa. Chapa: umbo la mundu, paja la kulia, ni chapa ya ukoo wa marehemu mumewe. Sikio la kushoto limekatwa ncha. Nundu imelalia kushoto. Kovu la fisi kwenye mguu wa nyuma. Kwa kila jibu ilibidi nimvute kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani. Tulipofika kwenye alama nyingine yoyote, alitazama dirisha.

"Inatosha, Mwalimu."

Nikamuuliza tena. "Inatosha." Nikamuuliza mara ya tatu, nikamweleza kwamba maelezo yenye upungufu ni sawa na kutokuwa na maelezo. Akaniangalia kwa upole na kusema, "Hayo uliyoandika ni mengi."

Raho ni mwerevu sokoni kuliko wanaume wengi ninaowajua. Lakini hakusoma, na nadhani ndiyo sababu hukubali jambo kabla halijakamilika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeandika tangazo kwa lugha zote tatu. Kwa Kiswahili linasomeka hivi: "Amepotea ngamia jike mweupe, mwenye umri wa miaka tisa, mwenye chapa ya mundu kwenye paja la kulia, sikio la kushoto lililokatwa ncha, nundu iliyolalia kushoto, na kovu la fisi kwenye mguu wa nyuma wa kushoto. Atakayemwona apige simu kwa nambari iliyo hapa chini." Hakuna kilichosazwa. Shirwa ametuma picha, na Hinda ameikata ili chapa ionekane vizuri.

Jumapili, 19 Oktoba

Shirwa alipiga simu. "Mwalimu, picha nimeiona. Hayo maandishi yanasema nini?"

Nilimweleza kwamba yapo kwa lugha tatu. Akasema hajui kusoma hata moja, wala wenzake aliokaa nao kisimani hawajui, na kila mmoja wao ana simu. Nilikata simu nikiwa nimeudhika, sijui na nani.

Hinda hakuudhika. "Kuna kisanduku cha sauti, Abti. Unavuta tu. Wewe utasoma."

Nikasoma tangazo la Kisomali mara tatu. Kila mara Hinda alifunika mdomo kwa hijabu.

"Unacheka nini?"

"Usiskie vibaya, Abti. Unasoma kama unapeana imla. Mchungaji atatafuta kalamu."

Raho, aliyekuja kuuliza habari, akaketi mbele yangu na kuondoa karatasi mkononi mwangu. "Niambie mimi," alisema. "Kana kwamba sijui."

Nikamwambia. Ndiyo sauti iliyoingia kwenye programu.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Chai ya rangi. Sijazoea.

Jumatatu, 27 Oktoba

Hinda anafurahi kupita kiasi. Watu wanaichukua sauti ile na kuituma katika vikundi vya simu zao. Imesikika Rhamu, imesikika Bute, ambako kaka yake Raho aliisikia dukani. Leo, nikiwa kwenye foleni ya benki, kijana mmoja aliisikia salamu yangu akageuka. "Ni wewe mzee wa ngamia? Imebatikana?" Nilimjibu kwamba ngamia hajapatikana na kwamba mnyama si kitu cha kuitwa "imepatikana". Alisema, "Insha Allah itabatikana," akanipisha mbele yake. Nilipita.

Alhamisi, 30 Oktoba

Raho ameosha madumu yake yote ya maziwa na kuyapanga juu ya ukuta, midomo chini. Sijawahi kuyaona yote kwa pamoja mchana.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua. Hinda ameomba nimfundishe kuhesabu kwa Kisomali hadi mia moja. Amefika arobaini na tisa.

Jumanne, 4 Novemba

Amepatikana.

Saa nne asubuhi alipiga simu mtu aitwaye Yonis, mchungaji wa kaskazini mwa Habaswein. Ngamia jike mweupe amejiunga na kundi lake siku kumi zilizopita. Alisikia sauti yangu kwenye simu ya mpwa wake, akamkagua mnyama: mundu upo, sikio, nundu, kovu. Raho alisema alhamdulillahi na kuketi chini palepale mlangoni, juu ya viatu vyetu. Hinda alimkumbatia kichwa. Mimi nilikwenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuwapo motoni.

Jumatano, 5 Novemba

Naandika haya kwa utaratibu kwa sababu nataka kuyaelewa.

Asubuhi Yonis alipiga simu tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepima kila neno. Jana jioni mtu aitwaye Salah, dalali wa mifugo aliyesikia kisimani habari za mnyama huyo, alifika kambini kwake na kudai ngamia. Yonis alimuuliza alama kabla hajamwonyesha mnyama, kama inavyopasa. Salah alizitaja zote.

"Zote?" nikauliza.

"Mundu, sikio, nundu, fisi. Kwa mpangilio uleule wa sauti yako, Mwalimu. Hakuruka hata moja."

Nikamwambia Salah ni mwongo. Yonis akasema huenda, lakini chapa ya mundu ni ya ukoo, na Salah ni wa ukoo huohuo wa marehemu mume wa Raho. Ana ngamia wengi wenye mundu. Yeye Yonis hatampa mtu mnyama hadi wazee wakae Habaswein siku ya Jumapili. Ninamshukuru kwa hilo.

Kisha akapiga simu Shirwa. Shirwa ni kijana wa adabu na hajawahi kuniinulia sauti, na hata leo hakuiinua. Ingekuwa afadhali angeiinua.

"Mwalimu, nikuulize. Mtu akipoteza ngamia, anatangaza nini?"

"Anatangaza ngamia amepotea."

"Ehe. Mweupe, jike, basi. Alama anabaki nazo mwenyewe tumboni. Anayemwona naye anasema nina baadi, basi, naye anabaki na alama zake. Siku wanapokutana, mwenye ngamia anataja na aliyemwona anasikiliza. Zikilingana, wanakunywa chai. Sasa wewe umetaja kila kitu kwa kila mtu mwenye simu, kutoka hapa hadi Rhamu. Yonis amuulize nani nini?"

Alikuwa sahihi. Kibaya zaidi, nilikuwa najua. Baba yangu alikuwa mchungaji. Nikiwa na miaka sita nilimwona akimuuliza mgeni alama za ngamia mpotevu, na mgeni akijibu kwa kunong'ona, na mimi nikifukuzwa ili nisisikie. Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka minane. Nilijifunza huko kwamba jibu kamili ndilo linalopata alama zote, na kwa muda wa maisha yangu yote sikukutana na swali ambalo jibu lake kamili ni madhara. Nilisahihisha kila herufi ya tangazo hili, na sikuuliza hata mara moja kama lilipaswa kusemwa.

Hinda alikuwa amesikia yote. Aliniuliza tafsiri ya maneno mawili, kisha akafungua kipakatalishi.

"Nafuta," alisema. "Ni button moja tu."

"Usifute."

"Abti, nimemharibia eeddo Raho. Nilikuja hapa kama najua kitu. Hata hiyo mila sikuijua. Mimi ni msee wa Nairobi nacheza na ngamia za watu."

Alikuwa analia bila sauti, machozi yakidondoka juu ya vitufe. Fatumo alilia hivyohivyo alipokuwa mtoto. Ulikuwa unajua tu kwa kumtazama.

"Fomu yako ilikuwa na maswali sita," nikamwambia. "Rangi, umri, jinsia. Fomu yako ilikuwa sawa. Matano ya chini niliyaongeza mimi, na sauti ni yangu. Wewe ulivuta visanduku nilivyokuagiza."

"Lakini mimi ndio nilikata picha ionyeshe chapa."

"Hilo ni lako. Matano ni yangu."

Akafuta macho kwa ukingo wa hijabu. Hakucheka, lakini alifunga kipakatalishi bila kubonyeza chochote.

Niliona vyema kumwambia Raho mimi mwenyewe. Nilipita mlango wa mbele, si kando ya ukuta. Nikamweleza kosa langu tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujitetea. Alisikiliza akiwa anakunja nguo na kuziweka sandukuni; sanduku lile sikutaka kulitazama.

"Jumapili tutakwenda," alisema. "Vaa viatu vya matope, Mwalimu."

Sikuelewa utulivu wake. Nilidhani amekata tamaa.

Jumamosi, 8 Novemba

Habaswein. Tumesafiri tangu alfajiri katika gari la mizigo, na mara mbili tumelisukuma kutoka kwenye tope. Hinda alisukuma pamoja na wanaume. Kipakatalishi kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti cha Raho.

Jumapili, 9 Novemba

Wazee walikaa nyuma ya duka la Sakariye, mzee mwenye kauli kuliko wote hapa, kwenye mabenchi na magunia. Ngamia alikuwa amefungwa upande wa pili wa ua, nyuma ya uzio wa mabati, ili asionekane. Nilipotoa salamu, nusu ya mkutano iligeuka.

"Ndiye huyu," mmoja alisema. "Ndiye wa simu."

"Mwalimu, tuambie tena kuhusu nundu," mwingine akadakia, na wakacheka. Nilistahili.

Salah ni mtu wa makamo, nadhifu, mwenye kofia nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alinipa mkono na kuuliza habari za mvua za Garissa. Alisimama kwanza akataja alama: mundu, sikio, nundu, fisi. Kisha Raho akasimama akataja: mundu, sikio, nundu, fisi. Shirwa, aliyekuja kwa miguu akiwa na matope hadi magotini, aliangalia chini muda wote.

Sakariye alipangusa uso kwa kilemba. "Hawa wawili wamesoma shule moja," alisema, "na mwalimu wao yuko hapa."

Mzee mmoja akashauri ndama aletwe, mama atamjua. Shirwa akasema laga, ule mto wa msimu, imejaa maji kati ya zizi na mji. Yeye mwenyewe alivuka maji yakiwa kifuani, na ndama hawezi. Nilihesabu magunia, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kusahihisha.

Ndipo Sakariye akauliza polepole, "Kuna jambo lolote ambalo simu haikulisema?"

Salah alitafakari. Sitamsingizia, alitafakari kweli. "Simu ilisema yote," alijibu.

"Haikusema yote," alisema Raho.

Aliinuka, akaenda hadi alipoketi Sakariye, akamwita na Yonis, akainama katikati yao. Alinong'ona. Sikusikia neno. Hakuna aliyesikia. Sakariye na Yonis wakaondoka kwenda nyuma ya bati. Tukasikia Yonis akimtuliza mnyama, na mtu akipiga magoti kwenye tope kwa kuguna, na ilikuwa wazi kwamba ni mzee Sakariye mwenyewe.

Walirudi. Goti la kanzu ya Sakariye lilikuwa na duara la udongo.

"Chini ya kifua," alisema kwa wote, "nyuma ya sugu anayolalia, kuna makovu mawili ya moto, madogo kama punje za mahindi. Huwezi kuyaona akiwa amelala. Akiwa amesimama, huyaoni hadi uingie chini yake kama ndama. Mwanamke huyu ameyataja kabla sijaenda."

"Mume wangu alimchoma kwa kijiti," alisema Raho. "Alikuwa mdogo, anakohoa, na moto ndio dawa. Mimi ndiye niliyemshika kichwa."

Salah alivua kofia yake, akaitazama kwa ndani, akaivaa tena. "Nilipoteza mweupe mwezi wa Septemba," alisema. "Niliposikia simu, kila alama ilikuwa ya kwangu. Hata ya fisi. Nilimkumbuka fisi mwenyewe." Akamgeukia Raho. "Shemeji, niwie radhi."

"Allah akurudishie wako," Raho alijibu, na tukanywa chai.

Kabla hatujaondoka, Sakariye aliomba kuona programu. Hinda alipiga magoti pembeni yake na kumwonyesha visanduku, kwa Kisomali chake kibovu, akikwama na kuanza upya. Wazee walimsubiri kila alipokwama. Hakuna aliyemkatiza, hata mimi.

"Ni kitu kizuri," Sakariye alisema. "Kinafika mbali kuliko mpanda farasi. Lakini kina mdomo mpana. Kifundishe kunyamaza, binti yangu."

Jumanne, 11 Novemba

Garissa. Shirwa amempeleka Barwaqo zizini baada ya maji ya laga kupungua. Anasema ndama aliruka uzio wa miiba.

Njiani nilimuuliza Raho. Nilikuwa nimejizuia kwa saa nzima.

"Nilikuuliza mara tatu."

"Uliniuliza."

"Ukasema inatosha."

"Ilikuwa inatosha. Baba yangu alituambia, taja utakavyo, lakini moja ibaki. Dirisha lilikuwa wazi, na Hinda alikuwa anaandika, na wewe ulikuwa na ile sura yako ya darasani." Akaangalia nje, kwenye maji yaliyosimama kando ya barabara. "Ungetaka kuiandika. Sikutaka kukukatalia mbele ya mtoto."

Tarehe 16 Oktoba niliandika katika daftari hili jambo kuhusu Raho na kusoma. Sitalifuta, kwa sababu sifuti. Lakini nimelipigia mstari na kuandika pembeni: si kweli.

Alhamisi, 13 Novemba

Hinda amekivunja alichokijenga. Maswali yangu matano ameyavuta moja baada ya jingine hadi kwenye pipa la taka lililo pembeni ya kioo. Picha hazionyeshi tena paja wala masikio. Ukituma picha ya mnyama, programu hufunika yote isipokuwa rangi. Sauti yangu ya kwanza imeondolewa. Nimesoma mpya: mweupe, jike, upande wa Habaswein, amerudi kwao salama, na wenye kupoteza wengine wafanye hivi na hivi. Nilisoma mara moja tu. Raho alikuwa ameketi mbele yangu.

Mahali pa swali la mwisho nilimwomba Hinda aweke kisanduku ambacho mtu hawezi kuandika ndani yake.

"Abti, kisanduku isiyoandikika? Watu watadhani imeharibika."

"Ndiyo maana kitakuwa na maneno juu yake. Fungua jedwali."

Kwa hiyo sasa kuna mstari wa mia mbili na kumi na tano. Kiswahili chake ni hiki: "Alama moja baki nayo. Utaulizwa." Kisomali chake tulikitunga watatu, na neno lililoshinda ni la Raho. Kiingereza nimemwachia Hinda.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua ndogo. Ngamia wawili na ng'ombe mmoja wamerudi kwao kwa njia ya Baadi. Salah amempata mweupe wake. Alipiga simu mwenyewe. Nilimuuliza alama za mnyama huyo. Akacheka hadi akakohoa, na hakunitajia.

Jumatano, 3 Desemba

Hinda amefika mia moja kwa Kisomali. Fatumo anauliza atarudi lini Nairobi. Hinda amemjibu kwamba mvua bado. Nimeangalia juu: hakuna wingu.

Ijumaa, 12 Desemba

Deyr imekwisha. Vumbi limeanza kuinuka barabarani.

Madumu yote yameondoka juu ya ukuta. Yako sokoni kila asubuhi. Sanduku la nguo la Raho limerudi chini ya kitanda, kwa habari za Hinda, ambaye sasa huingia nyumba ile bila kubisha.

Leo kikombe hakikuvuka ukuta. Raho alikileta mwenyewe kwa mlango wa mbele, akasubiri ninywe, akachukua kikombe kitupu. Kisha, akiwa amesimama kizingitini, aliniambia jambo, nami nikamjibu. Hinda alikuwa uani na hakusikia.

Niliahidi kuandika kila kitu katika daftari hili. Hilo sitaliandika.